Oga Kwanza, Ndipo Umbebe

Kamwene mjukuu wangu Tumaini, huko Makongolosi. Hapa Ipogolo tumemaliza kupukuchua mahindi, na mwanao ameanza kusimama dede.

Umeniuliza kwa nini nilikuzuia kumbeba siku ile ulipofika kutoka machimboni na vumbi mwilini. Zamani babu yako alikuwa anayeyusha betri mbovu za malori hapa uani, apate madini ya risasi ya kuuza. Kila jioni shangazi yako Neema, akiwa mdogo, alimkimbilia, naye akambeba na vumbi lake lote. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Ndipo mabwana afya wa serikali wakaja kuwapima watoto damu. Ya Neema ikakutwa na sumu ya risasi. Wakafunga tanuri, wakachimbua udongo wa uani wakaupeleka mbali. Niliwanunia sana, nikaona wametunyang'anya ugali.

Babu yako hakubishana. Ila tangu siku hiyo, hata akitoka kanisani, alioga kwanza, Neema akimlilia mlangoni mikono juu.

Nimemkumbuka mno babu yako. Hadi leo nikisikia maji yakimwagika bafuni, huwa nataka kusema, "Subiri Neema, baba anakuja."

Bibi yako