Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Shoga yangu, mwenzio nimefanya jambo la kutisha.

Breki za baiskeli kuukuu ya binti yangu, ile isiyo na springi hata moja, zilikuwa zikilia. Asubuhi nikazipaka mafuta ya cherehani bila kumwambia. Nilidhani ninamsaidia!

Ameshuka nayo mlima wenye mawe. Breki hazikushika. Hazikushika kabisa! Amejitupa kichakani, mkono umechubuka hadi kwenye kiwiko.

Baba yake akamwambia binti, "Basi, mama. Hiyo baiskeli naiuza, huiwezi."

Naye binti akajibu, "Kweli, Baba. Niliogopa, nikakosea."

Amejilaumu yeye, shoga! Nami nilikuwa namfunga bendeji tu!

Bado wako sebuleni. Naweka simu, naenda kusema ni mimi.