Binti Yangu Ameniombea Kanisani

Shoga yangu, nimetoka kanisani sasa hivi. Soma hadi mwisho, na wewe linakuhusu.

Leo vijana ndio walioongoza maombi. Binti yangu kasimama mbele, kashika kipaza sauti, kasema: "Ee Bwana, msamehe mama. Alimwambia bibi asije kwetu, eti chumba cha wageni kinapakwa rangi. Hakipakwi."

HAKIPAKWI! Kwenye kipaza sauti! Na kanisa zima likaitikia amina.

Huyo bibi, mama mkwe wangu, yuko ubavuni kwangu, tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo. Akaniinamia taratibu. "Mwanangu, hiyo rangi ikikauka unijulishe."

Mlangoni nikamvaa mwalimu wa vijana. "Wewe, nani kakutuma ufundishe watoto kutaja dhambi za wazazi waziwazi?"

Kacheka. "Si wewe, dada? Ulipokuwa kiongozi wetu wa vijana ulituambia tutubu kwa kutaja, Mungu hapendi mafumbo. Sijawahi kusahau."

Miaka ishirini, shoga! Mengine yote niliyowafundisha yamepeperuka, hilo ndilo limeota mizizi.

Mama mkwe anahamia kesho. Binti kanikumbatia, anasema anajisikia mwepesi moyoni.

Sasa sikia. Jumapili ijayo ni zamu ya mwanao. Nimemuuliza kwa upole atamwombea mama yake kuhusu nini.

Kanijibu, "Mama mdogo, ni mengi, lakini nimepewa dakika tano tu."