Kompyuta ya Chama na Posa ya Linus

Lionja, 6 Oktoba 2025

Mwanangu Brigita,

Habari za Ruangwa na za kufundisha kompyuta? Huku wazima, ila mimi situlii, nakaa nasimama. Usinipigie simu, nitakata kwa hasira.

Mchumba wako Linus ni mwizi. Chama chetu cha korosho kilimpa kompyuta aiwekee mfumo mpya. Boksi limeandikwa memori GB nane. Nimeiwasha mwenyewe, inasema saba na nusu. Mimi ni karani wa mizani, najua kinachopungua kina mtu aliyekichukua. Nimemwambia hivyo mbele ya mkutano, na barua ya posa nimemrudishia mama yake.

Baba yako

Ruangwa, 8 Oktoba

Shikamoo baba,

Mimi mzima wa mwili tu, usingizi sina. Memori haikatwi nusu kama muhogo. Linus aliwahi kuniambia mashine ile ina vipande viwili, nne na nne. Angechukua kimoja, ingebaki nne.

Ndani ya mfumo kuna kiini, wenyewe tunakiita keneli. Mashine ikiwaka, kinapewa ramani ya memori yote. Sehemu nyingine zimeshashikwa na vifaa vya kuwashia na vya kuonyesha picha, na chenyewe kinahitaji pa kukaa. Kikishazitenga hizo ndipo kinahesabu, na kilichobaki ndicho kinachokuandikia kuwa jumla. Sisi na ufuta si ndivyo hivyo? Tunatenga mbegu kwanza, na mtu akikuuliza umevuna gunia ngapi, mbegu hutaitaja.

Fungua mashine uone, kisha uende kwa kina Linus.

Mwanao

Ruangwa, 20 Oktoba

Shikamoo baba,

Hali yako? Hujajibu. Nafundisha huku macho yakiwa dirishani, kila basi la Nachingwea nadhani lina barua yangu. Linus hapokei simu zangu. Nampenda, baba, nalisema wazi. Kama hujafungua, fungua. Kama umefungua ukanyamaza, hilo ni baya zaidi.

Mwanao

Lionja, 27 Oktoba

Mwanangu,

Salamu sijui nizianzie wapi. Nilifungua siku ileile barua yako ya kwanza ilipofika. Vipande viwili, nne na nne. Aibu ikanishika, nikawa nazunguka shambani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jana baada ya misa nilisimama mkutanoni palepale, nikasema Linus hakuiba, mimi ndiye sikujua. Aliyeinuka ni mama yake, Josephina. Akasema, "Binti tunamtaka mpaka kesho, na posa tutaileta tena. Ila tutaipeleka kwa baba yake mdogo, Modest. Kwa huyu hatupigi hodi."

Watu walicheka. Mimi niliumia, mwanangu, sikufichi. Ila nimekubali. Siku ya posa Modest atawapokea na yeye ndiye atakayekuoza. Mimi nitashinda shambani.

Baba yako