Bei ya Kamera ya Mzee Kimaiyo

Minneapolis, 3 Desemba 2007

Kaka Peterson,

Habari za mtaani kwetu Rhonda? Magoti ya Mama bado yanamsumbua? Mimi niko sawa, ila hapa natoka kazini vidole havisikii kitu kwa baridi.

Ile kamera ya Kijerumani niliyonunua kwa Mzee Kimaiyo kabla nije huku, nimeiuza kwa intaneti. Dola elfu mbili na mia sita. Nataka kulipia karo ya unesi. Lakini mama mmoja wa kanisani anayejazia watu fomu za kodi ameniambia ukiuza kitu chako kwa faida, hata kama si biashara, lazima uitangaze hiyo faida. Na bila karatasi ya kuonyesha nilinunua pesa ngapi, watahesabu pesa yote kuwa faida. Nilimpa Mzee shilingi elfu tisa, wewe ukiwepo. Mwombe aandike hivyo na aweke sahihi. Mwisho ni katikati ya Aprili.

Usimwambie niliuza ngapi. Naona aibu.

Dadako,
Wamaitha


Nakuru, 19 Desemba 2007

Dada,

Tuko wazima. Mama anasema uvae soksi mbili.

Mzee bado anafungua studio yake ya picha hapa jirani, Kaptembwo, lakini sijamwendea. Siku hizi ni kura tu, na watu wanasalimiana kwa kupimana kabila. Ngoja ipite. Halafu nikuulize: mimi nikiuzia jirani kochi langu, serikali inaingilia wapi? Nani huko atajua?

Kaka yako


Minneapolis, 26 Januari 2008

Kaka, simu yako haiingii tangu juzi. Naona Nakuru kwa TV, moshi tu. Mama yuko wapi? Niandikie barua pepe, hata ya neno moja.

Wamaitha


Minneapolis, 29 Januari 2008

Peterson, nimepigia kila namba niliyo nayo. Kazini wamenirudisha nyumbani kwa sababu nilimpa mgonjwa chakula cha mwenzake. Tafadhali.

Dadako


Nakuru, 2 Februari 2008

Dada,

Tuko hai. Mama, mimi, Abby na watoto wetu, wote tuko uwanja wa maonyesho, Showground, kwa hema moja. Nyumba imechomwa, na simu yangu ilibaki huko ndani. Mama hataki kula, anauliza tu tunarudi lini.

Studio ya Mzee Kimaiyo nayo ilichomwa, siku iliyofuata. Hao walikuwa vijana wa kabila letu, wakilipiza. Wanasema amekimbilia kwa shemeji yake, Rongai.

Kama una kitu, tuma.

Kaka yako


Minneapolis, 3 Februari 2008

Kaka,

Nimetuma pesa yote ya kamera, hata ile ya kodi ambayo nilikuwa nimeweka kando. Panga nyumba mahali Mama atalala. Kodi yenyewe ya kamera ni kama dola mia tatu na sabini, na sasa sina. Nitajua la kufanya. Usijisumbue na mambo ya karatasi.

Wamaitha


Nakuru, 25 Machi 2008

Dada Wamaitha,

Leo si barua pepe, naandika kwa kalamu kwa sababu kuna kitu ndani ya bahasha. Mama amepona kikohozi alichopata kwa hema. Tumepata vyumba viwili mtaa wa Section 58, na ameanza kulalamika juu ya majirani, kwa hivyo ujue yuko sawa.

Nilienda Rongai. Mzee alikuwa shambani. Aliponiona akaweka jembe chini polepole. Mimi nikasimama mbali, mikono yangu aione.

"Mama yako yuko?" akauliza.

"Yuko, Mzee."

Nikamweleza karatasi. Akataka kujua ni ya nini, na sikuweza kumficha, nikasema yote, mpaka zile dola elfu mbili na mia sita. Akasema, "Hiyo studio haikuwahi kunipa pesa kama hiyo kwa mwaka."

Halafu akauliza, "Nikiandika elfu tisa, dada yako watamkata kodi?"

Nikasema ndiyo, watakukata, kwa sababu faida itaonekana kubwa.

Akaandika kwamba alikuuzia kamera, akaweka sahihi na namba ya kitambulisho, lakini mahali pa bei akaacha wazi. "Ajaze mwenyewe. Akiweka laki moja na nusu, mimi sitabisha."

Dada, jaza. Mtu aliyechomewa amekuachia, hao wa kodi ni nani?

Kuna jambo lingine. Siku studio inaungua nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilijua majina ya hao vijana na sikuita hata mmoja aache. Huko Rongai sikumwambia. Nafikiri anajua.

Kaka yako


Minneapolis, 14 Aprili 2008

Kaka,

Nafurahi Mama analalamika. Bahasha ilifika Ijumaa. Karatasi imekaa mezani siku tatu, na kila nikipita naigeuza, halafu naigeuza tena.

Jana nilishika kalamu niandike laki moja na nusu. Nikaona namba yake ya kitambulisho, tarakimu moja moja, ameikaza kama mtoto wa shule. Nikiandika uongo hapo juu, ni yeye atakuwa ameusema. Watu wetu walishachukua studio yake.

Nimeandika elfu tisa. Fomu nimepeleka leo, na nimeomba kulipa kidogo kidogo. Unesi utangoja mwaka ujao.

Sasa wewe. Rudi Rongai. Usibebe pesa wala salamu zangu. Mwambie ulikuwa umesimama wapi siku ile. Sijui atakujibu nini, na mimi tangu nisome barua yako situlii kazini wala kanisani. Ukishaenda niandikie. Usipoenda, usiniandikie kwamba umeenda.

Dadako,
Wamaitha