Nimempunguzia Mama Mkwe Moto, na Sasa Naambiwa Nichague Jiko

Mpendwa mshauri, nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi mume wangu ananipeleka dukani kuchagua jiko jipya la indaksheni, na mimi badala ya kufurahi kama wanawake wenzangu nimekosa hata hamu ya kula, na kosa ni langu mwenyewe, wala simsingizii shetani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, naishi na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, na sifa zake, mshauri, ukoo mzima unaziimba, akipika wali watu wanasogeza viti, akipika maharage hata jirani asiyetusalimia anabisha hodi kuomba chumvi, na mume wangu akila cha mama yake anafumba macho anasema, "Mama, hapa umefika," lakini akila changu anasema, "Siyo mbaya," nami hiyo siyo mbaya nimeimeza miaka yote ya ndoa bila maji.

Basi tukanunua jiko la indaksheni, lile la umeme la kioo linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, la pleti nne, na kwa kuwa tuko wengi mimi na mama tukawa tunapika pamoja jioni, yeye wali na maharage, mimi mchuzi, sufuria zetu kubwa zinakaa upande wa kushoto, yake nyuma, yangu mbele, kwa sababu pleti za kulia ni ndogo, zinatosha birika na kikaango cha mayai tu. Siku moja nikapandisha moto wangu hadi tisa ili mchuzi uchemke haraka, nikashangaa maji ya mama yaliyokuwa yakitokota yamenyamaza ghafla, nikaenda kusoma kile kijitabu kilichokuja na jiko ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukifungua, nikakuta kimeandika kwamba pleti za upande mmoja zinagawana umeme, moja ikitaka mwingi nyingine inapunguziwa, na mama haoni namba yake ikishuka kwa sababu miwani huiacha chumbani, anasema yeye anapika kwa pua.

Mshauri, nilitakiwa kusema. Sikusema. Tangu hapo kila mama akitia mchele au maharage kwenye maji yanayotokota mimi nabonyeza tisa, hata kama sufuriani mwangu mna maji matupu, na wali wake ambao punje zilikuwa hazishikani ukaanza kutoka bokoboko, maharage yakawa yanagonga meno, watoto wakawa wanasukuma sahani kwa adabu, na mume wangu akafumba macho kwa mchuzi wangu akasema, "Mke wangu, hapa umefika!" Sitakudanganya, nilijisikia raha, nilikwenda kuosha vyombo huku naimba.

Sasa wifi yangu, aliyekuja kututembelea, kaangusha mchi juu ya jiko, kioo kimepasuka, tunapikia gesi ya kuazima ya pleti moja, na mume wangu kasema, "Safari hii chagua wewe, wewe ndiye mpishi wa nyumba." Nikamtazama mama nikitegemea atanuna, kumbe mama akacheka kidogo, akasema, "Chukueni la pleti mbili tu, mwanangu, mimi sihitaji mahali tena. Mkono wangu umechoka, hata sijui umechoka lini." Kisha akaenda chumbani akaniletea mwiko wake, ule alioaga nao hospitali, nami nikaupokea kwa mikono miwili kama mwizi anayekabidhiwa funguo.

Nikinunua la pleti mbili, mama ndiyo basi tena. Nikinunua la nne zisizogawana umeme, wali wake utarudi ulivyokuwa siku hiyohiyo, na mume wangu si mjinga, ataanza kuuliza. Ninunue lipi? Au hakuna jiko ambalo lingemrudisha mama polepole, watu wasishtuke?

Ni mimi, Bibi Tisa.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Tisa, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Mara ya pili nilikuwa natafuta kiatu cha kukurushia.

Jiko la kumrudisha mama polepole ili wewe usiumbuke? Halijatengenezwa, na likitengenezwa nitaandamana lipigwe marufuku.

Tumalize habari ya jiko kwanza, maana ndiyo nyepesi. La pleti mbili lisahau. Nunua la nne, lenye pleti mbili kubwa, moja kushoto na nyingine kulia. Muulize muuzaji zipi zinagawana umeme, na akikujibu kwa tabasamu mwambie afungue kijitabu, si una kipaji cha vijitabu wewe? Kisha aweke sufuria mbili za maji, awashe zote moto wa juu, usimame hapo uone kama kuna inayonyamaza. Beba sumaku ujaribu vitako vya sufuria zenu, isiyonasa sumaku haitapata moto, na yenye kitako kilichobonyea iache nyumbani. Fundi umeme aangalie kwanza kama nyaya za nyumba zitalibeba. Hilo lililopasuka kioo msiliwashe tena, hata kwa chai.

Sasa wewe. Hiyo "siyo mbaya" naijua inavyochoma, dada yangu. Mwanamke anasimama jikoni nusu ya maisha yake halafu anasifiwa kama barabara iliyozibwa mashimo. Pole sana. Lakini neno lile lilitoka kinywani mwa mume wako, wewe ukaenda kulipiza kwenye sufuria ya mama yake. Mume ulimwogopa, au?

Na usijidanganye kwamba huu ni mzozo wa wali. Mama yule amelisha wagonjwa maisha yake yote, na leo anakaa chumbani anaangalia mikono yake, anaamini ustadi umeitoka. Mwili wake ni mzima. Ugonjwa umempa wewe, kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Leo mchana, watoto wakiwa shuleni, ingia chumbani kwake, mrudishie mwiko, umweleze yote, hata kuimba ukiosha vyombo. Kisha mwombe apike wali kwenye hiyo gesi ya kuazima, ambayo haigawani na mtu. Wakati wa kula, mume wako akifumba macho, mwambie wewe mwenyewe, mbele ya watoto, kwa nini wali ulikuwa umeharibika, maana mbele yao ndipo ulipomshusha. Na dukani mwende na mama, na miwani yake, achague pleti anayoitaka.

Atakasirika, tena sana, na pengine atakunyima salamu kwa siku kadhaa. Usijitetee, wala usilie ili akubembeleze. Kaa hapo umsikilize akifoka, maana mama anayefoka kwamba ameharibiwa wali wake ameshajua kwamba mikono yake haina ugonjwa.