Kwa Baba Mikidadi, Mtafsiri wa Tumbili

Baba, mwaka umeshatimia tangu utuache hapa Naipingo, korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kudondoka.

Tunakukumbuka ukifunga televisheni nyuma ya pikipiki, umeiviringishia blanketi la Mama bila kumwomba, ukielekea Nandagala au Likunja kuonyesha filamu zako za wanyama watundu. Za ngumi hukuwa na habari nazo. Wewe ulitaka mbwa anayeiba keki ya harusi, mbuzi anayelala kitandani kwa mwenye nyumba, na tumbili wasio na adabu hata chembe. Watu walioshinda shambani wakiwafukuza tumbili kwenye mahindi walikuja jioni kuwacheka.

Kiingereza cha filamu zile hukukijua, Baba, leo tuseme ukweli. Ulishika maiki ukawasemesha wanyama utakavyo. Tumbili yule yule alikuwa na wake wawili Nandagala, akifika Likunja anatafuta mchumba. Mtoto akikuuliza imekuwaje, ulimjibu kwa upole, "Kaachwa njiani, mjukuu wangu." Hukuwahi kumkaripia mtoto kwa swali.

Siku ya msiba, mtani wako Mzee Augustino wa Likunja, yule Mmakonde uliyetaniana naye maisha yako yote, aliingia chumbani kwako akatoka na maiki kaifunga kiunoni.

"Mie siitoi hii mpaka wale tumbili waseme tena," akawaambia waombolezaji. "Au mnataka kuwazika na wao?"

Alichochukua mtani msibani hakinyang'anywi, sharti kikombolewe kwa anachotaka. Watu walicheka huku wanalia. Mama hakucheka. Aliifunika televisheni kwa shuka, akasema kicheko cha nyumba hii kimekwenda nawe.

Tuliogopa sana, Baba. Mama alikula kidogo, akaongea kidogo, na miezi ikazidi kwenda. Tuliona tunampoteza na yeye.

Juzi mimi, mwanao Ashura, nikaenda Likunja kumwahidi Mzee Augustino kwamba tumbili watasema. Akanipa maiki, akaja pamoja nami ahakikishe. Tukaonyesha filamu yako uani kwetu, watoto wamejaa mikekani, Mama kajifungia ndani. Tumbili akakwapua chungu jikoni, nami nikamsemesha: "Usinipige, mama mwenye nyumba! Nimeonja tu, na chumvi umesahau!"

Kicheko kikatokea chumbani. Mama akafungua mlango, kashika mbavu, machozi yanamtoka, akaja kukaa mkekani katikati ya watoto. Nikashindwa kuendelea.

"Mbona umenyamaza?" akaniambia. "Msemeshe, mwanangu. Mwenye nyumba kamjibuje?"

Unakumbukwa na mkeo Hajra, wanao Ashura, Harithi na Rabia, wajukuu zako wote, na mtani wako Augustino, anayesema tumbili wangu bado hawajui matusi vizuri.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatutoka moyoni, Baba, na Jumamosi tunaonyesha Nandagala.