Miwani ya Dada Filomena

Kwenda: Makanyagio, Mpanda

Mpenzi Mama Anna,

Huku Majimoto ni salama, isipokuwa hasira zangu. Jana parokia ilifanya siku ya wazee: uji wa moto kwenye jua kali, kupimwa presha, kisha tukapigishwa makofi kama watoto wa chekechea. Nilivumilia kwa ajili ya dada yangu Filomena. Haoni tena vitu vya karibu, anapika wali wenye mawe, na wake za wanawe wanamcheka.

Mpima macho akamwonyesha kadi ya herufi. Dada hajasoma, kwa hiyo kwa kila herufi alijibu, "Sijui." Akapewa miwani nene kuliko zote! Akaipokea kwa mikono miwili na goti chini, akageuka anikumbatie mimi, kumbe haoni kitu, akamkumbatia katekista.

"Irudishe, dada!"

"Nimeshapiga goti, mdogo wangu. Kilichopokelewa kwa goti hakirudishwi."

"Si zawadi hii, ni dawa!"

"Haya, nenda kagombane nao wewe uliyesoma."

Nikaenda. Mpimaji akaniambia nisivuruge foleni. Nikaomba ungo wa mchele kwa akina mama waliokuwa wakipika, nikamvua dada ile miwani, nikamvika yangu ya kusomea. Akatoa jiwe, akatoa lingine, kisha akainua uso.

"Kumbe umezeeka hivi! Ulihama hapa ukiwa kijana."

Sikuweza kumvua tena miwani yangu. Ndiyo maana mwandiko wangu leo ni mkubwa na umepinda. Nitafutie miwani nyingine, mama, na Mungu akutunze mpaka nikuone vizuri.

Mumeo,
Baba Anna